Bakuli Halina Maandishi

Miezi ya joto ndiyo miezi ya sherehe zetu. Tangu Noeli hata karibu na Kwaresima kuna arusi, kuna ubatizo, kuna vyama vya mtaa vinavyokutana kwa chakula cha pamoja. Na katika sherehe za siku hizi, hasa za mijini, mara kwa mara twaona mezani bakuli kubwa la kinywaji cha mchanganyiko kiitwacho panchi: maji ya matunda, soda, barafu, vipande vya nanasi na chungwa, na mwisho chupa mbili tatu za shampeni au divai nyingine yenye mapovu. Mtu huchukua upawa, hujaza bilauri yake, hupita. Ni kitu cha kupendeza macho na kuburudisha koo.

Hatuandiki haya ili kulilaani bakuli hilo. Twataka kuuliza swali moja tu, ambalo kila Mkristo anayealika watu yampasa alijibu: yule anayechanganya kinywaji cha watu wote, anadaiwa nini na kila mmoja atakayekinywa?

Kwanza tukifahamu kinywaji chenyewe. Panchi si mgeni wa jana. Neno hilo limeonekana katika maandishi ya Waingereza tangu 1632, katika barua ya mtu wa Kampuni ya India ya Mashariki. Wengi huamini kwamba latokana na neno la Kihindi lenye maana ya tano, kwa kuwa panchi ya zamani ilikuwa na vitu vitano: pombe kali, sukari, ndimu, maji na viungo. Mabaharia na wafanya biashara waliichukua kutoka India wakaipeleka kwao, nako ikawa desturi ya nyumba. Hata leo, Juni hadi Agosti, jua linapowaka Uingereza, watu wa mitaa ya Kanisa la huko hukutana bustanini kwa karamu, na katika baadhi ya karamu hizo huwapo bakuli la panchi. Wapo walioiacha pombe kali, na mahali pake hutia divai yenye mapovu, kwa kuwa ni nyepesi na huchangamsha.

Na mapovu hayo hutoka wapi? Divai inapochachuka, chachu hula sukari na kutoa vitu viwili, kileo na gesi. Katika divai ya kawaida gesi hupotea hewani. Lakini katika shampeni, divai hutiwa tena sukari na chachu kidogo ndani ya chupa, ikafungwa kwa nguvu. Gesi ikikosa njia ya kutokea hukaa humo ndani ya divai mpaka siku chupa itakapofunguliwa. Watu husimulia kwamba aliyevumbua jambo hili ni mtawa Dom Pérignon wa Hautvillers, Ufaransa, aliyefariki mwaka 1715. Kweli ni kwamba mtawa huyo alijitahidi kuyazuia mapovu, maana siku zile yalihesabiwa kuwa kasoro. Naye Mwingereza Christopher Merret alikuwa amekwisha kueleza, mwaka 1662, jinsi wauza divai walivyotia sukari ili divai yao ichangamke.

Sasa tufanye hesabu, maana maadili bila hesabu mara nyingi ni maneno matupu. Chupa moja ya shampeni ina mililita 750, na kwa kawaida asilimia 12 yake ni kileo, yaani mililita 90. Chupa mbili zina mililita 180. Ukizimimina bakulini pamoja na lita moja na nusu ya maji ya matunda na lita moja ya soda, utapata lita 4 za kinywaji chenye kileo cha asilimia 4.5. Hiyo ni nguvu ya bia nyingi zinazouzwa madukani. Na ikiwa mwenye sherehe ataona kwamba bakuli lake limelegea, akamimina nusu chupa ya brandi, yaani mililita 375 zenye kileo cha asilimia 40, nguvu ya bakuli yapanda kupita asilimia 7. Lakini ulimi hautaambiwa. Mtu anywaye bia huijua bia kwa uchungu wake. Anywaye panchi husikia nanasi, sukari na baridi, na kileo kimejificha nyuma yao.

Tena mapovu yenyewe yana kazi yake. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio dogo la watu 12. Watu hao walipokunywa shampeni yenye mapovu, kileo kilipanda damuni kwa haraka zaidi, katika dakika za mwanzo, kuliko walipokunywa shampeni ile ile iliyokwisha kuondolewa mapovu. Jaribio la watu 12 halimalizi neno, lakini latosha kumfanya mtu mwenye hekima aangalie. Wala tusisahau matunda yaliyolala chini ya bakuli. Nayo hunywa. Mtoto apewaye kipande cha nanasi kutoka humo amepewa divai kwa njia ya nanasi.

Hapa ndipo swali letu linapopata uzito. Chupa ina maandishi. Imeandikwa jina la kilichomo, imeandikwa kiasi cha kileo, na mtu akiishika mkononi aweza kusoma na kuamua mwenyewe. Bakuli halina maandishi. Tendo la kumimina chupa bakulini ni tendo la kufuta maandishi yale. Na aliyeyafuta amejitwika kazi yake. Tangu dakika ile yeye mwenyewe ndiye maandishi ya bakuli. Asiposema, hakuna mwingine atakayesema.

Methali yetu yasema ukila na kipofu usimguse mkono. Watu wengi huitumia kama onyo la ujanja: usimfanye akushuku. Lakini yafaa tuitazame kwa upande wa kipofu mwenyewe. Yeye ameingiza mkono wake katika sinia kwa kuwaamini wenzake, wala hana njia nyingine ya kujua kilichoachwa na kilichochukuliwa. Mgeni mbele ya bakuli la panchi ni kama kipofu huyo. Anaamini. Na katika mambo ya kula na kunywa, imani ya mgeni ni amana iliyowekwa mikononi mwa mwenyeji.

Ni akina nani hao wanaoamini? Tuwahesabu watu wa sherehe moja ya kawaida. Yupo mama mwenye mimba, ambaye madaktari humwambia kwamba hakuna kiasi cha kileo kilichothibitika kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni. Yupo mgonjwa anayemeza metronidazole, dawa ambayo karatasi yake humwonya asinywe kileo. Yupo dereva atakayewarudisha wengine nyumbani usiku. Yupo jirani Mwislamu aliyekuja kwa heshima ya ujirani mwema, akaketi pamoja nasi bila shaka yo yote moyoni. Wapo watoto.

Tena yupo mtu mmoja ambaye twamfikiria kuliko wote: yule aliyekuwa mtumwa wa pombe, na kwa neema ya Mungu na taabu nyingi ameiacha. Pengine ni mwaka mmoja sasa, pengine miaka kumi. Mkewe ameanza kulala usingizi. Ada za shule zinalipwa. Kwa mtu huyu bilauri moja si bilauri moja; yaweza kuwa mlango wa nyumba aliyoikimbia. Naye anakuja kwenye sherehe ya kanisa akijua kwamba hapa yu salama, kwa kuwa ni kwa ndugu zake. Anapokea bilauri ya kitu chenye rangi ya maji ya chungwa. Je, tutamwambia nini kesho?

Tunajua jibu ambalo baadhi yetu hutoa: kila mtu ni mtu mzima, basi aulize. Jibu hilo lina sehemu ya kweli, maana hatuwezi kuwafanya wageni wetu kuwa watoto. Lakini tuangalie kuuliza kunamgharimu nani. Anayeruhusiwa kunywa cho chote huuliza bila gharama. Aliyeacha pombe akiuliza mbele za watu, ametangaza habari zake. Mama ambaye mimba yake haijajulikana hata kwa mama mkwe, akiuliza, ameitangaza mimba. Mgonjwa akiuliza, ameuonyesha ugonjwa wake. Basi kusema “waulize” ni kuwatwika mzigo wale walio na mzigo tayari, ilhali mwenyeji angeweza kuuondoa kwa maneno matatu tu: “Hili lina divai.”

Wapo wengine watakaosema: kwa nini taabu yote hii? Tupige marufuku, yaishe. Hapa yatupasa kusema kwa upole, kwa kuwa Kanisa letu limelelewa katika nyumba mbili. Wazee waliopokea Injili kwa mikono ya CMS, na hasa wale walioguswa na Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, wengi walifundishwa kwamba kuacha pombe kabisa ni sehemu ya ushuhuda wa mtu aliyeokoka. Wale waliolelewa na UMCA, iliyofika Unguja mwaka 1864, walisikia zaidi mafundisho ya kiasi. Nyumba zote mbili zimetoa watakatifu. Mtaa unaokubaliana kwamba sherehe zake hazitakuwa na kileo haumkosei mtu ye yote, na huenda umechagua njia iliyo salama kuliko zote.

Lakini hatuwezi kusema kwamba divai yenyewe ni najisi. Bwana wetu alikwenda arusini Kana, na ile mitungi sita ya mawe, kwa vipimo vya siku zile, ilichukua kama lita 450 hadi 700. Mtume Paulo alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Na mwaka 1888, Maaskofu wa Kianglikana walipokutana Lambeth wakati ambapo wengi walitaka maji ya zabibu yasiyochachuka yatumike katika Ushirika Mtakatifu, Mkutano ule ulikataa kuiacha desturi ya divai. Kanisa lililo na divai juu ya altare haliwezi kufundisha kwamba Mungu alikosea kuumba chachu.

Basi hatuna budi kupita njia nyembamba zaidi, nayo ni ile aliyoionyesha Paulo alipowaandikia Warumi, katika sura ya 14. Hakuifanya divai kuwa dhambi. Wala hakumpa mwenye uhuru ruhusa ya kuutumia uhuru wake kama fimbo. Alisema kwamba ni vema kujinyima hata kilicho halali kama ndugu yako atajikwaa kwacho. Tazameni, hakumwuliza yule dhaifu ajieleze. Alisema na yule mwenye nguvu. Na alipowaandikia Wakorintho, aliwakemea kwa sababu katika karamu yao mmoja alikaa na njaa na mwingine akalewa. Kosa lao halikuwa divai tu. Waliketi pamoja bila kutazamana.

Jambo moja la Kana laweza kutufundisha hapa. Mtakatifu Yohana anaeleza kwamba mkuu wa meza hakujua ile divai ilikotoka, bali watumishi walioyateka maji walijua. Katika kila sherehe wapo wanaojua na wapo wasiojua. Lakini kule Kana, asiyejua alipewa kitu chema kuliko alivyotazamia. Hicho ndicho kipimo cha siri yo yote ya mezani. Mgeni akija kuijua siri yako, ashukuru. Asije akashika kichwa.

Tena tujifunze kwa Meza ya Bwana yenyewe. Kanisa letu hufundisha kwamba mtu asiyeweza kupokea kikombe, akipokea mkate peke yake amepokea Ushirika kamili. Ugonjwa wa UVIKO ulipoenea, Kanisa la Uingereza lilisimamisha kikombe cha pamoja mwezi wa Machi 2020, na wengine wengi wakafanya hivyo, wala hakuna aliyesema kwamba waumini wamenyimwa Kristo. Ikiwa mbele ya altare mtu aweza kukipita kikombe bila kuulizwa sababu, na bila kupungukiwa na kitu, kwa nini ukumbini tumsimamie mtu na kumwuliza, “Mbona hunywi? Umeokoka lini?” Umoja wetu hautoki katika kunywa kitu kile kile. Unatoka katika kuketi meza moja.

Kwa hiyo twaona kwamba mwenye kuweka bakuli la divai anadaiwa pia bakuli la pili. Nalo lisiwe mtoto wa kambo. Mara nyingi twaona divai imewekwa katika kioo chenye maua, na wale wasiokunywa wameonyeshwa kreti ya soda za moto nyuma ya mlango. Huko ni kuwaambia kwamba sherehe ni ya wengine. Bakuli la pili liwe na uzuri ule ule, bilauri zile zile, meza ile ile. Na wakati wa kutakiana heri, mshereheshaji anapowaita watu wainue bilauri, asiseme “wenye shampeni”, aseme “sote”.

Wala bakuli la pili si kazi ngumu. Chukueni robo kilo ya ukwaju, uloweke katika lita moja ya maji ya moto, uuvuruge, uuchuje. Twangeni kipande cha tangawizi chenye urefu wa kidole, mkichemshe kwa dakika kumi katika nusu lita ya maji pamoja na sukari ya kiasi, mkichuje. Changanyeni, tieni maji ya ndimu tatu, acheni vipoe kabisa. Wageni wanapofika, ongezeni lita moja na nusu ya maji ya soda yaliyo baridi, na vipande vya chungwa. Yatakuwa karibu lita tatu, yenye rangi ya kupendeza na ukali wa tangawizi. Wengi wanaokunywa divai watalihamia wenyewe.

Na wale watakaochanganya bakuli la divai, twawaomba wayashike mambo haya. Vitu vyote viwe baridi kabla ya kuchanganywa, na barafu iwe donge moja kubwa, maana madogo huyeyuka upesi na kinywaji hupooza. Hapo ndipo mtu hushawishika kuongeza brandi. Divai yenye mapovu imiminwe mwisho, polepole, kwa ubavu wa bakuli, wageni wakiwa wamekwisha kufika. Baada ya hapo asiongeze mtu kitu cho chote, hata kwa mzaha. Anayemimina pombe katika bakuli la watu kwa siri amewaibia uamuzi wao. Kila bakuli liwe na kikaratasi mbele yake chenye herufi kubwa: LINA DIVAI, na HALINA KILEO. Awepo mtu mzima mmoja wa kusimamia upawa, anayejua kilichomo, na atakayejibu bila kunong'ona. Matunda ya bakuli la divai wasipewe watoto. Na bakuli la divai liwe dogo kuliko lile jingine, ili likiisha liwe limekwisha.

Twajua kwamba baadhi yenu mtasema huu ni udogo, kuandika kurasa nzima juu ya bakuli. Lakini wengi wetu hatutaitwa kufa mashahidi wala kuhukumu mataifa. Tutaitwa kuandaa meza, kumimina, na kumpa mtu bilauri mkononi. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mgeni naye asirudi kwake mgonjwa kwa sababu yetu.

Bwana aliyeketi arusini Kana azibariki sherehe zenu, nao watumishi wenu wajue wanachokiteka.